Figili Mwisho wa Mchezo

Siku kampuni ya Ametsubo ilipofungwa nilikuwa nimebaki ofisini peke yangu kufunga makatoni, kwa sababu wenye akili walishaondoka. Kampuni yetu ilianzia kwenye duka la peremende pale Fuse, Osaka. Mwenye duka, mzee Kitabatake, aliweka mashine ya mchezo wa video mlangoni ili watoto wakae. Watoto wakasahau peremende, na yeye akazisahau. Akaanza kutoa michezo yake mwenyewe. Kwa miaka michache kaseti zetu zilikuwa katika kila nyumba yenye mtoto, kisha michezo ikawa ghali kutengeneza, tukaachwa nyuma. Sasa vilivyobaki vilikuwa vinasubiri lori.

Kitabatake alikuwa na hofu moja tu, kuibiwa watu. Kampuni kubwa za Tokyo zilikuwa zikisoma majina ya watengenezaji yanayopita kwenye kioo mwisho wa mchezo, kisha zinapiga simu. Kwa hiyo kwetu jina la kweli lilikuwa marufuku. Kila mtu alipewa jina la kitu kinachochemshwa kwenye chungu cha oden, chakula ambacho bosi hakukosa msimu wote wa baridi. Mimi, niliyechora wahusika nukta kwa nukta, nilikuwa Yai, eti kwa ajili ya uso wangu. Sikucheka wakati ule na sicheki sasa.

Mtunzi wetu wa muziki alikuwa Nishiwaki Tamotsu. Aliugua tumbo akafariki akiwa kijana, mara tu baada ya mchezo wetu uliouzwa kuliko yote. Tulikaa meza moja, naye alitunga nyimbo zake kwa mluzi. Mpaka leo nikisikia mtu anapiga mluzi, moyo unanishtuka.

Asubuhi hiyo akaingia mzee mmoja aliyevaa koti jeusi lililomzidi mabega, mkononi ana furushi la gazeti.

"Samahani, mama. Mimi ni baba yake Tamotsu."

Nilimkumbuka kutoka msibani. Alikaa mbele siku ile bila kumtazama mtu. Alikuwa ametoka milima ya Tottori kwa treni, na furushi lile lilikuwa la figili za kuchachusha, kutoka shambani kwake. Mkono mtupu haulambwi, na wazee wa kule hawahitaji kufundishwa hilo.

"Nimesoma gazetini kwamba mnafunga," akasema. "Nina ombi moja. Nataka kuona jina la mwanangu."

Nikamkaribisha kiti. Hakukaa mpaka alipomaliza kusema.

"Alipoacha kazi ya benki tuligombana. Nikamwambia, upuuzi wako huo usiuwekee jina la ukoo wangu. Hakukanyaga tena nyumbani. Alipokufa, mjukuu wangu alicheza mchezo wenu mpaka mwisho, akanisomea majina yote. Akaniambia, babu, jina la mjomba halimo. Nikajua amelitoa kwa sababu yangu. Lakini mtoto huyo pengine alipitiwa. Nataka nione mwenyewe."

Ningeweza kumweleza pale pale. Nikaona mtu aliyebeba jambo miaka yote hiyo hawezi kulitua kwa kuambiwa tu. Nikatoa mashine kwenye katoni, nikaiunganisha na televisheni.

"Itachukua muda?" akauliza.

"Nikicheza vizuri, mpaka saa ya chakula."

"Na wewe unajua kucheza?"

"Mzee, hawa wote nimewachora mimi. Wakiniua watakuwa hawana adabu."

Waliniua mara kadhaa. Mzee alicheka kidogo mara ya kwanza, kisha akaacha kutazama. Alifumba macho, vidole vinapiga taratibu gotini, anasikiliza. Watu wa lori walipofika nikawaambia waanze na meza.

Hatimaye shujaa akarudi kijijini kwao. Wimbo wa mwisho ukaanza, majina yakapanda. Michoro: Yai. Hadithi: Pweza. Muziki: Figili.

Mzee alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Nishiwaki hamna."

"Hamna jina la kweli la mtu yeyote, mzee. Bosi alikataza. Huyo Yai ni mimi."

"Kwa hiyo si kwa sababu yangu."

"Si kwa sababu yako."

Akashusha pumzi ndefu. Ningeishia hapo angerudi Tottori na nafuu yake, lakini sikuona haki kumnyima mtu kilicho chake.

"Tamotsu ndiye Figili," nikasema. "Bosi alitaka kumwita Soseji. Sisi wengine tulikubali majina yetu, yeye alibisha. Akasema, niite Figili, baba yangu analima figili. Siku akiona, atajua ni mimi."

Mzee akaligeukia furushi lake la gazeti.

"Mjukuu alinisomea," akasema. "Aliposema Figili, nilicheka. Nikamwambia, watu gani hawa wanajiita mboga?"

Akalia. Nami nililia, sikuona aibu.

Kwenye kioo palibaki picha ya kijiji, na wimbo ulikuwa bado unaendelea. Watu wa lori walikuwa wamemaliza vingine vyote, sasa wamesimama mlangoni wakisubiri televisheni.

"Wimbo huu unaisha lini?" mzee akauliza.

"Hauishi. Aliutunga hivyo. Ukifika mwisho unarudi mwanzo, mpaka mtu azime."

"Nionyeshe inapozimwa."

Nikamwonyesha. Akaweka kidole pale, asibonyeze. Wimbo ukazunguka, ukarudi mwanzo, ukazunguka tena. Mmoja wa wale vijana akaniuliza kwa sauti ya chini kama wasubiri nje. Nikamwambia wasubiri hapo hapo.

"Tamotsu," mzee akakiambia kioo, "nimeona."

Kisha akazima.