Sentimita Moja kwa Kila Ubeti

Stendi yangu ya kwanza ya maikrofoni niliinunua sokoni Mafeteng, hapa Lesotho, kwa maloti mia mbili na ishirini. Nilikaa nayo miaka kumi na minne bila kuona kasoro yake. Wanamuziki wenzangu walipouliza kama zile za bei kubwa zina thamani ya bei hiyo, niliwajibu kwamba chuma ni chuma na kazi yake ni kusimama. Nafundisha fizikia sekondari. Nilidhani jambo hilo naweza kulisemea.

Kila Jumamosi alasiri napiga kodiani na kuimba katika ukumbi wa mama tunayemwita 'M'e 'Matumelo, nyuma ya maghala ya sufu. Kodiani huvaliwa kifuani kwa mikanda miwili. Mkono wa kulia uko kwenye vibonyezo, wa kushoto unavuta na kusukuma mikunjo, na mguu unakanyaga jukwaa la mbao kwa kila pigo. Mimi, juu ya hayo, huimba nimefumba macho. Pembeni yangu, juu ya kreti la bia, alikaa Seabata na ngoma yake.

Seabata alikuwa na kawaida moja. Kila mwisho wa ubeti aliinuka kwenye kreti, akanipitia mbele, akarusha mkono juu, akarudi kukaa. Watu walipiga miluzi. Mimi nilihisi upepo wa blanketi alilojitanda mabegani tu, nikachukulia kwamba ni madoido.

Mwezi wa tano tulirekodi nyimbo nne za kupeleka redioni. Nilizisikiliza nyumbani nikitumia programu ya simu inayohesabu mapigo. Kila mwisho wa ubeti yalikosekana mapigo mawili ya ngoma. Nyimbo nne, beti kumi na sita, mapigo thelathini na mawili. Jumamosi iliyofuata nilimwambia kabla hatujapanda jukwaani, wakati 'M'e 'Matumelo anapanga viti.

"Seabata, kuinuka-inuka kwako kunatuharibia nyimbo."

"Kuinuka gani?"

"Ile dansi yako. Kila ubeti unapoteza mapigo mawili. Nimehesabu. Thelathini na mawili kwa rekodi nzima."

"Thelathini na mawili!" Alimgeukia mwenye ukumbi. "'M'e, umesikia? Nimeiba mapigo thelathini na mawili. Niende polisi mwenyewe au nisubiri waje?"

"Sitanii," nikasema.

"Najua hutanii, mwalimu. Mara ya mwisho kutania ilikuwa mwaka gani?"

'M'e 'Matumelo alicheka hadi akaweka kiti chini. Mimi sikucheka. Nilimwambia Seabata akae kwenye kreti tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, kama mpiga ngoma yeyote mwenye nidhamu.

Neno hilo la mwisho sikulipima. Seabata aliitazama ngoma yake, akaitia kwapani, akajifunika blanketi.

"Basi tafuta huyo mwenye nidhamu, ntate," akasema, akatoka.

Kwa miaka kumi na minne aliniita mwalimu, na akikasirika aliniita kwa jina langu. Ntate ni heshima tunayompa hata mtu tuliyekutana naye foleni ya benki.

Nilipanda jukwaani peke yangu. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa tatu sauti yangu ilianza kufifia kwenye spika, nikaongeza nguvu. Kwenye wimbo wa tano nikasikia kicheko.

"Mwalimu, umeangusha sarafu?"

"Mwacheni, anauimbia mkanda wa suruali!"

"Kobe huyo, anarudi ndani!"

Nilifumbua macho. Maikrofoni ilikuwa usawa wa kifua changu na mimi nilikuwa nimepinda magoti kuifuata, bila kujua. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Nilimaliza wimbo nimechuchumaa nusu, kisha nikasimamisha muziki na kuinua stendi. Ikashuka tena. Alasiri ile niliiinua mara tisa.

Jioni nilimuuliza 'M'e 'Matumelo kama amewahi kuona stendi ile ikishuka.

"Inashuka kila wiki," akasema. "Seabata si ndiye anayeiinua?"

"Sikujua."

"Hukujua!" Aliniangalia kama mtu anayeangalia hesabu iliyokosewa na mwenye duka. "Mimi nilidhani mmepatana hivyo."

Nyumbani niliisimamisha stendi juu ya sakafu ya mbao, nikaweka rula ukutani, nikakanyaga mguu kwa dakika sita, ambao ndio urefu wa wimbo wetu wa kawaida. Ilishuka sentimita nne. Wimbo una beti nne, kwa hiyo ni sentimita moja kwa kila ubeti. Chanzo kilikuwa kibano cha plastiki kilicholika kwa ndani. Mtetemo wa mguu wangu ulikilegeza, na uzito wa maikrofoni ukamaliza kazi.

Ha Sekhobe, kijijini kwa Seabata, ni kilomita kumi na moja kutoka kwangu. Sikwenda Ha Sekhobe. Nilivuka mpaka, nikaenda Bloemfontein, Afrika Kusini, safari ya zaidi ya saa mbili ukihesabu foleni ya pasipoti. Nilifikiri hivi: kilichotugombanisha ni kule kuinuka, na kilichomwinua ni stendi. Stendi ikipona, hapatakuwa na la kugombania. Hadi leo sijaona kosa la hoja hiyo.

Dukani msichana muuzaji alinionyesha stendi yenye kitako cha chuma cha kusubu na kibano cha chuma kitupu. Bei randi elfu mbili mia sita na hamsini.

"Unapiga na bendi, baba?"

"Peke yangu."

"Basi chukua hii. Wenye bendi hununua ile ya mia tatu, halafu wanaizungushia utepe wa gundi."

Naishi peke yangu, hivyo sebule ilikuwa wazi kwa majaribio. Niliiweka stendi mpya pale ilipokuwa ile ya zamani, nikawasha simu irekodi, nikaimba nyimbo zote nne na kuzirudia. Baada ya karibu saa nzima niliangalia rula. Haikuwa imeshuka hata milimita moja.

Kisha nikasikiliza rekodi. Kila mwisho wa ubeti kodiani yangu ilisubiri mapigo mawili kabla ya kuingia ubeti mwingine. Hapakuwa na ngoma chumbani, wala mtu wa kunipitia mbele. Nilipiga tena nikiwa nimejiandaa kuruka ile nafasi, nikasikiliza. Ubeti wa kwanza niliiruka. Kuanzia wa pili nilisubiri kama kawaida. Sijui kati yetu wawili ni nani aliyeanza kusubiri. Ninachojua ni kwamba kosa nililombebesha Seabata lote lilikuwa langu pia, na ushahidi niliurekodi mwenyewe.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda Ha Sekhobe. Nilitaka arudi. Nilipanga maneno njiani kama ninavyopanga somo: kwanza kipimo, halafu sababu, halafu radhi, mwisho ombi.

Nilimkuta akiziba ufa kwenye ukuta wa mawe wa zizi la kondoo. Baridi ilikuwa kali na barafu bado ilikuwa nyeupe upande wa kivuli.

"Mwalimu! Umepotea njia, au umekuja kuchukua yale mapigo yako?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Ala! Hebu nikae kwanza." Alikaa juu ya ukuta. "Haya, niombe."

Nilimweleza yote kwa mpangilio: rula, kibano, sentimita nne kwa wimbo, stendi mpya, rekodi ya sebuleni. Alisikiliza bila kunikatiza, jiwe dogo likiwa mkononi.

"Sentimita nne," akasema. "Mimi nilikuwa nakisia tatu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe unaimba, maiki inashuka, mimi nainua. Mtu akikufukuzia nzi usoni, anakuandikia barua?"

"Miaka kumi na minne, Seabata."

"Mwanzoni nilisema nitakuambia wimbo ukiisha. Halafu watu wakaanza kupiga miluzi, nikaongeza na kamkono. Nikaona basi, na mimi nina changu pale juu." Alicheka. "Mwenyewe umefumba macho kama mtoto anayenyweshwa dawa. Ningekuacha uimbie kitovu?"

Nilicheka. Alinyoosha kidole. "Amecheka! 'Maneo, toka nje uone, mwalimu amecheka!"

Mke wake alijibu kutoka jikoni kwamba akimaliza mboga ndipo atakuja kuona miujiza.

Nikaona wakati umefika. "Rudi Jumamosi," nikasema. "Sasa mambo ni rahisi. Ile stendi haishuki kabisa. Hutahitaji kuinuka tena."

Nilipoyasema niliamini ni habari njema. Niliendelea hata kumwelezea kile kibano cha chuma. Seabata alilijaribisha lile jiwe kwenye ufa. Lilikuwa dogo mno. Akalitoa.

"Kwa hiyo nitakaa tu."

"Utapiga ngoma."

"Nitakaa tu, nipige ngoma, nikuangalie mgongo." Aliinama kutafuta jiwe jingine. "Hapana, mwalimu. Ungekuja hapa kabla ya kwenda Bloemfontein, ningekuja hata bila radhi. Ningekuja na bisibisi yangu. Lakini wewe umeona pengo, ukaenda kulinunulia chuma. Pengo limezibika. Mimi nije kukaa wapi?"

"Naweza kuirudisha dukani. Nina risiti."

"Acha hizo. Umeshajua kwamba haishuki. Utajifanya hujui?"

Kitu kilichokwisha kupimwa hakirudi kuwa hakijapimwa, nami ndiye ninayewafundisha watoto hivyo. Nilimwambia basi aje siku moja tu, tuone.

"Siku moja nitakuja kama mteja," akasema. "Nitalipa kiingilio."

'Maneo alituita. Tulikula ugali na mboga za moroho na mafuta kidogo ya kondoo, tukazungumzia bei ya sufu na mvua zilizochelewa. Seabata alikuwa mchangamfu kweli. Hakuwa na hasira na mimi, na hilo lilinipa kazi zaidi, kwa kuwa hasira ningeisubiri ipoe. Aliponisindikiza hadi kwenye gari aliniita mwalimu.

Tangu hapo nimepiga Jumamosi saba na ile stendi. Sauti yangu haififii, watu wa nyuma wanasikia kila neno, na hakuna anayenicheka. Miluzi nayo imepungua, ingawa sina takwimu za hilo. Kuna mpiga gitaa wa Mohale's Hoek aliyeniuliza kama stendi ya bei ile inafaa. Nikamwambia inafaa, nikamtajia vipimo. Akauliza basi na yeye anunue. Nikamuuliza anapiga na nani. Akasema na mdogo wake. Nikamwambia asubiri kwanza.

Seabata hajaja. Jumamosi mbili za kwanza nilikuwa nafumbua macho kati ya beti kuangalia mlangoni, lakini hilo lilinifanya nikosee maneno, nikaacha.

Jumamosi iliyopita nilimaliza saa kumi na moja. Kodiani ina kilo kumi na stendi ina kilo kumi na moja, kwa hiyo haviwezi kubebwa pamoja.

"'M'e, niangalizie hii stendi," nikamwambia 'M'e 'Matumelo. "Napeleka kodiani garini kwanza."

"Ataiiba nani, mwalimu? Mzigo wenyewe unataka watu wawili."

Aliendelea kupandanisha viti. Nilipeleka kodiani, nikaifungia, nikarudi. Ukumbi ulikuwa umeshabaki na mimi na yeye. Kutoka jukwaani hadi kwenye gari ni mita sitini. Nilipumzika mara mbili.