Korongo Juu ya Bomba la Moshi

Nevena alikuwa anakunja banitsa ya pili, ule mkate wa matabaka wenye jibini, siagi imempanda mpaka viwikoni, mumewe Ognyan alipopiga kelele uani kwamba korongo amerudi.

"Njooni upesi! Huyo, anapita juu ya kanisa!"

Ralitsa, binti yao, akatoka mbio na soksi. Bibi Tota, mama yake Ognyan, akajikongoja nyuma yake na mkongojo wake. Nevena akapangusa mikono kwenye aproni, akalisogeza sinia mahali paka asipofika, na alikuwa ameshafika kizingitini sauti ilipomwambia: "Nevena mwanangu, niletee shali, upepo huu utaniua." Akageuka. Shali ilikuwa chumbani, nyuma ya mlango, kwenye msumari wake. Aliporudi uani nayo mkononi, korongo alikuwa ameshatua juu ya bomba la moshi la nyumba yao, amesimama kwa mguu mmoja, anawatazama kama mwenye nyumba anayetazama wapangaji.

"Umemwona?" akauliza Ognyan.

"Nimemwona."

"Akiruka?"

Nevena akatazama juu tena. "Amesimama."

"Masikini," akasema Bibi Tota, akajitupia shali mabegani. "Basi pole, mwanangu. Sisi tumemwona akiruka."

Machi mosi kila mmoja wao alikuwa amefungwa kwenye kifundo cha mguu uzi mwekundu na mweupe, na kila mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, alisema kwa sauti anataka kuanza nini mwaka huu. Uzi haufunguliwi mpaka umwone korongo wa kwanza. Ukimwona akiruka, mwaka wako utakuwa mwepesi. Ukimwona amesimama, mwaka wako utakuwa mzito. Watu wa Dolna Bryast, kijiji chao, husema hivyo huku wanacheka, kisha wanatembea wiki nzima shingo juu, mpaka wengine wanaingia mitaroni.

Ognyan alisema atapunguza kitambi apande mlimani hadi kwenye monasteri bila kupumzika. Ralitsa alisema ataingia kwenye kikundi cha ngoma cha wilaya. Bibi Tota alisema anataka kupanda ngazi za kanisa bila mkongojo, magoti yapende yasipende. Nevena alisema atapata leseni ya udereva. Dada yake Zlatina anaishi Burgas, mji wa pwani, na kila mwaka Nevena huahidiwa kupelekwa, na kila mwaka hutokea jambo. Alitaka ajipeleke mwenyewe. Alikuwa ameshanunua viatu vya soli nyembamba, ili mguu uisikie klachi vizuri.

Asubuhi iliyofuata baada ya korongo kutua, Ognyan alipanda mizani ya bafuni na sindano haikusogea. Akashuka, akapanda tena. "Mizani imekufa," akasema. Nevena akapanda ili wahakikishe, na chombo kikabonyea katikati kama sufuria ya bati. Wakaitupa.

Kufikia Pasaka mambo yalikuwa yamekaa wazi. Wale waliomwona korongo akiruka hawakukanyaga chini sawasawa. Ralitsa alirukia meza kuchukua chumvi akachelewa kushuka. Bibi Tota alipanda ngazi za kanisa bila kugusa hata moja, mkongojo kauning'iniza mkononi kama mkoba, na padri alimwomba tu ainamishe kichwa mlangoni. Ognyan alifika kwenye monasteri kabla ya kengele ya asubuhi, akarudi kwa njia ya juu ya miti na kilemba cha majani kichwani. Jirani akamuuliza kama kule juu kuna baridi. Ognyan akasema ipo, ila si sana.

Nevena ndiye aliyekuwa mzito. Mbao za jikoni zilipasuka chini yake moja baada ya nyingine, mpaka Ognyan akamimina zege mbele ya jiko na mbele ya sinki, sehemu hizo mbili tu, kwa kuwa ndiko anakosimama. Uani aliacha nyayo zenye kina, na mvua iliponyesha bata wa jirani walikuja kuogea humo.

Somo lake la kwanza la udereva halikuchukua muda. Mwalimu, Bwana Penev, mtu wa sigara na subira, alimfungulia mlango kwa heshima. Nevena akakaa. Springi zikalia, gari likalala upande wa kushoto, tairi likazama kwenye lami.

"Weka gia ya kwanza, Bi Nevena."

Akaweka. Gari likanguruma, likatoa moshi, halikusogea.

"Umetoa breki ya mkono?"

"Nimetoa."

Bwana Penev akachungulia nje, akaona tairi, akawasha sigara. "Umemwona amesimama," akasema.

"Sina hakika."

"Mtu anakosaje hakika na jambo kama hilo?"

Hilo ndilo lililokuwa linamsumbua Nevena usiku na mchana. Alipokuwa anatoa shali kwenye msumari, kulikuwa na kitu cheupe kilichopita dirishani. Alikiona kwa pembe ya jicho. Kama kilikuwa korongo, basi alimwona akiruka, na uzito huu si wake, amebebeshwa kimakosa. Akaenda kumuuliza jirani kama siku ile alianika mashuka. Jirani akasema hakuanika. Baadaye akaja mwenyewe mpaka kwenye uzio kusema huenda alianika.

Akaona aanzie upande mwingine. Jioni, wakila maharage, akauliza: "Siku ile nani alitaka shali?"

"Shali gani?" akasema Ognyan.

"Mimi nilikuwa nimeshaivaa tangu asubuhi," akasema Bibi Tota. "Mimi natokaje nje bila shali na kifua hiki?"

"Ulijitupia mabegani nilipokuletea."

"Ulileta nyingine, basi."

"Ni moja tu, Mama. Hatuna nyingine."

"Labda ulitaka mwenyewe kuileta," akasema Ralitsa kwa upole. Alikuwa amefunga mguu wake kwenye kiti kwa mkanda ili ale akiwa ameketi. "Wewe, Mama, huwa unaleta vitu hata kabla hatujaomba."

Nevena akaweka kijiko chini. Sauti aliisikia. Alijua ilisema "mwanangu". Lakini watu watatu wakikwambia jambo halikutokea, na wote wanatafuna kwa utulivu, kichwa kinaanza kukugeuka. Akachukua bakuli tupu la mkate, akaenda kukata mwingine.

Mwezi wa Mei upepo wa bonde ulizidi. Ognyan alibebwa mpaka kijiji cha pili akarudishwa juu ya trekta la nyasi. Wakajaribu mawe mifukoni, lakini mawe yalitoboa mifuko, na Nevena akawa anashona kila jioni. Bibi Tota ndiye aliyepata dawa. Alitoa kibunda cha uzi mwekundu na mweupe kilichobaki Machi, akajifunga ncha moja kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye kifundo cha Nevena, palepale penye uzi wake wa zamani ambao hakuwahi kuufungua.

"Wewe hutaenda popote," akasema kwa furaha. "Bahati iliyoje!"

Ognyan na Ralitsa nao wakafunga zao. Tangu hapo watu wa Dolna Bryast walizoea kumwona Nevena akienda dukani polepole, udongo ukititia, na juu yake familia nzima ikielea, kila mtu na shughuli yake. Bibi Tota alisalimia watu kwenye madirisha ya ghorofa ya pili. Ralitsa alifanya mazoezi hewani, na kikundi cha wilaya kikamchukua bila hata kumjaribu. Wakati wa onyesho Nevena alisimama nyuma ya jukwaa, ameshika uzi. Makofi aliyasikia vizuri, na alifurahi. Hilo lisemwe wazi, alimpenda mwanawe na alifurahi. Ila mkono ulimuuma.

"Na Burgas je?" alimuuliza mumewe siku moja, akitazama juu.

"Tutaenda wote," Ognyan akajibu kutoka juu ya mti wa plamu, alikokuwa anachuma bila ngazi. "Tena kwa upepo, bure! Wewe tu ndiyo hatujui tukubebe vipi."

Agosti korongo waliondoka. Nevena alikuwa uani na alimwona yule wao akiinuka kwenye bomba la moshi, akazunguka juu ya kanisa, akaenda kusini.

"Nimemwona akiruka!" akasema. "Jamani, nimemwona!"

"Huyo anaondoka," akasema Bibi Tota. "Anayehesabika ni anayekuja."

Basi Machi iliyofuata Nevena alijipanga. Viatu vya soli nyembamba alivivaa tangu asubuhi. Hakuwasha jiko. Alijichukulia shali mapema, akamfunga Bibi Tota yeye mwenyewe, mafundo mawili kifuani, na alikwenda kusimama katikati ya uani, uso juu. Siku zile walikula mkate mkavu na jibini, na Ognyan alinung'unika kidogo. Nevena hakuingia ndani ila kulala.

Korongo alikuja siku ya jua, asubuhi. Nevena alimsikia kwanza: ule mlio wa mdomo kama vijiko vya mbao vinavyogongana. Ulitoka upande wa kanisa. Akageuka.

"Yuko wapi?" akasema Ralitsa juu yake. "Sioni, bomba linanikinga!"

Wote watatu wakajisukuma juu ili waone. Uzi ukakaza, fundo la uzi wa Bibi Tota likaanza kuteleza, na bibi akapiga ukelele: "Nevena mwanangu, nishike!"

Sauti ilikuwa ileile.

Nevena akainama. Akakamata uzi kwa mikono miwili, akauzungusha kifundoni, akakaza fundo la mama mkwe, kisha la mumewe, kisha la binti yake, moja moja, akivuta kila moja kuona kama limeshika. Yalikuwa yameshika. Akainua uso.

Korongo alikuwa juu ya bomba la moshi, amesimama kwa mguu mmoja.

"Umemwona?" Ognyan akauliza kutoka juu. "Sisi tumemwona akiruka! Alikuwa mzuri ajabu!"

Nevena akatazama viatu vyake. Udongo ulikuwa umeshafika kwenye kamba zake.

"Nimemwona," akasema.

Kisha akawauliza watakula nini, akavuta mguu mmoja, akavuta wa pili, akaenda ndani kuwasha jiko. Familia yake ikamfuata kwa juu, ikiinamisha vichwa mlangoni.