Funguo Kwanza

Mimi ni Kyakimwa, na Mnande yeyote akilisikia jina langu huniuliza papo hapo: dada zako wako wapi? Kwetu majina hufuata zamu ya kuzaliwa, na Kyakimwa si jina la binti wa kwanza wala wa pili. Jina langu hunitangulia likitangaza kwamba nilikuwa na wakubwa zangu. Wamelala makaburini hapa Alunguli, Kindu, pamoja na baba na mama, nami nimechoka kulijibu swali hilo sokoni huku nikipima mchele. Lakini hii ni habari ya harusi, kwa hiyo msishike tama.

Mwaka wa mwisho wa vita, barabara ya Kalima ilipofunguliwa, baba yangu Ephraïm alitupakia sote kwenye Toyota yake akatupeleka Kalima kumshukuru Mungu. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini na shemasi wa kanisa. Watu wa njia ile walikuwa wamekaa miaka bila kusikia mngurumo wa gari, ila la askari. Tulipokuwa tunarudi, kila kijiji kilitoka na ngoma, majani na vikombe vya pombe. Walitupamba mpaka gari likafanana na kichaka kinachotembea. Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Alunguli, kichaka hicho kikaacha barabara na kutumbukia bondeni. Walikufa mama, dada zangu, baba, na Paul, kijana aliyekuwa akijifunza udereva kwa baba. Nilibaki mimi, mtoto wa kubebwa mgongoni.

Aliyefika wa kwanza ni Hadidja, mjane Mwislamu aliyekuwa akikaanga mikate kando ya barabara. Aliniokota kwenye majani nikilia kwa hasira, na anasema hasira hiyo sijaimaliza hadi leo. Kidumu cha lotoko, pombe kali ya kienyeji, zawadi ya kijiji fulani, kilikuwa kimepasuka na kutumwagia sote. Aliniosha, akarudia kuniosha, harufu ikagoma. Watoto wa mtaa wakaniita Lotoko mpaka nilipomng'oa Cédric wa jirani jino la mbele. Wakubwa wao walisema jambo moja tu: dereva alikuwa amelewa, maana alinuka. Kama harufu ndiyo ushahidi, basi na mimi nilikuwa mlevi kabla sijaota jino.

Hadidja akanilea. Baba mdogo Valère alipokuja kunichukua, alinikuta nimelala kifuani kwa Hadidja nimeshika ushungi wake, akafungua duka lake hapa hapa Kindu badala ya kunirudisha kwao Butembo. Ndiyo maana nina mama anayefunga Ramadhani na baba mdogo anayeimba kwaya, na sikukuu zote nakula mara mbili.

Sasa Gauthier. Gauthier anatengeneza simu upande wa pili wa mto, Mikelenge, na ndiye mwanamume pekee aliyenisikia nikifoka akavuta kiti ili asikie vizuri. Tulipendana. Nampenda mpaka leo, na sioni haya kuliandika. Shida ilikuwa baba yake, mzee Kalonji, Mkasai aliyestaafu kazi ya reli. Paul aliyekufa pamoja na wetu alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja.

Siku Gauthier alipokuja kutuambia kwamba wazazi wake watavuka kuleta mahari, alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekalia yai.

"Papa atakuya," alisema. "Lakini mbele ya kumimina kinywaji ya ndoa, iko na ulizo moja. Anataka kujua: papa Ephraïm alikunywa ao hakunywa?"

"Na akikosa jibu?" nikauliza.

"Anasema atarudisha vitu yake ngambo."

Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Hadidja aliendelea kugeuza mikate yake, halafu akasema polepole, "Ile muzee haiko mubaya. Alifiwa. Muzigo ya mwenzako unaiona kanda ya usufi, kumbe ni mawe."

"Na miye sikufiwa?"

"Njo maana nakuambia, enda utafute jibu. Hata kama haikufurahishe."

Nikaanza na Valère, kwa kuwa kwake nilijua nitapata ninachotaka. Alikuwa akipanga sabuni dukani. Hakugeuza hata shingo. "Kaka yangu alikuwa shemasi. Hata dawa ya kikohozi alikuwa anakataa. Waambie vile." Nilimkumbusha kwamba siku ile yeye alikuwa Butembo. Akasema hata kutoka Butembo mtu anaweza kumjua kaka yake. Ni kweli, lakini kwa mzee Kalonji jibu hilo lisingetosha.

Nikachukua pikipiki mpaka kijiji kile cha mwisho kabla ya mteremko, kumtafuta Matata. Wakati wa vita alikuwa akilinda kizuizi, yaani mti uliolazwa barabarani, na siku hiyo ndiye aliyeuinua. Sasa anauza petroli kwa chupa mahali pale pale. Nilipomtajia jina la baba yangu alisimama, akanizunguka, akanitazama tangu kisogo mpaka visigino.

"Njo weye ile mutoto?"

"Njo miye."

Akacheka hadi akajifuta macho. "Ulikuwa munono, mama. Vita nzima sikuone mutoto munono kama vile."

Nikamwuliza bila kuzunguka. Akakaa juu ya kreti yake akaacha kucheka.

"Sikiliza. Ile siku kila muntu alikunywa. Hata mbuzi ya shefu ilikunywa. Miye mwenyewe nilimupa papa yako kikombe, na mikono yangu hii. Alikishika. Alikuwa anacheka. Paul alikuwa pembeni yake, anaimba. Halafu mama yako akanipa weye, nikubebe kidogo. Nikakuangalia. Tulikuangalia wote. Nilipogeuka, kikombe kilikuwa mutupu."

"Nani alikunywa?"

"Sijue."

"Labda alimwaga?"

"Labda alimwaga. Labda alimupa Paul. Labda alikunywa, muntu anakataa namna gani kikombe ya amani? Sijue, mama. Nilikuwa nakuangalia weye."

"Na gari lilipoondoka, nani alikuwa ameshika usukani?"

"Majani ilifunika kioo yote. Niliona tu mukono inapunga."

Nilirudi Alunguli nikiwa na hasira ambayo sikujua nimtupie nani. Jibu lilikuwapo siku ile mbele ya macho ya watu, na watu wakageuza macho kunitazama mimi na unono wangu. Nililia njiani, dereva wa pikipiki akadhani ni vumbi, akapunguza mwendo. Nilipofika nikamwuliza Hadidja lile ambalo sikuwahi kuthubutu kumwuliza: aliwakuta wamekaaje?

"Hakuna aliyekuwa ndani," alisema. "Wote walikuwa yulu ya majani, mbali na gari. Usukani ilikuwa peke yake. Nilikusikia unalia, nikakuya kwako. Wengine niliwafunika na vitenge vyangu."

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo siku ya mahari: kikombe kitupu na usukani usio na mtu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi yenye jua zuri, nami nilikuwa nimevaa kitenge cha kijani ambacho Hadidja alikishona na kukifumua na kukishona upya. Wageni walivuka Lualaba kwa mitumbwi ya injini, wanawake wakiimba, pikipiki zao zimesimamishwa katikati. Mbuzi wa mahari alikataa kushuka. Walimvuta, wakamsukuma, wakambembeleza kwa Kiswahili na Kiluba, mpaka Cédric akambeba begani kama gunia, akicheka na pengo lake wazi. Nikasema moyoni, Mungu, kama mzee huyu akiirudisha furaha hii ng'ambo, sitamsamehe, na Wewe tutaongea.

Walikaa uani kwa Hadidja chini ya maturubai, wao upande mmoja, sisi upande wa pili. Chupa ikawekwa mezani, na glasi moja. Mzee Kalonji akasimama. Ni mrefu, mwembamba, na kofia yake ya reli aliishika kwa mikono miwili.

"Mbele ya kumimina," akasema, "nilituma ulizo."

Valère alikuwa ameshasimama. "Kaka yangu alikuwa shemasi."

"Baba mudogo, kaa," nikasema. Bibi arusi hasemi kabla ya kuulizwa, na nilisikia wanawake wakivuta pumzi, lakini nilikuwa nimeshaanza. "Papa Kalonji, nilienda kutafuta. Walimupa kikombe. Alikishika. Waligeuka kuniangalia, na walipogeuka tena kikombe kilikuwa mutupu. Kama alikunywa, sijue. Kama alimwaga, sijue. Hakuna muntu anajua, na hakuna atakayejua. Kama unataka kurudisha vitu, mbuzi iko pale, lakini utamubeba weye mwenyewe."

Kuna watu walicheka, wakajizuia. Mzee hakucheka. Nami kwa kuwa ulimi wangu hauna breki, nikaongeza: "Na Paul? Alikunywa?"

Kofia ikazunguka mikononi mwake.

"Njo ile ulizo niko nayo," akasema. "Ya papa yako ilikuwa ya kufunika hii. Paul hakukataa kikombe hata siku moja. Na kila mahali njia ilikuwa nzuri, alimuomba Ephraïm amuachie usukani. Ephraïm alikuwa na roho nzuri, alikuwa anamuachia. Miaka hii yote naomba Mungu: ikuwe Ephraïm, isikuwe mudogo yangu. Halafu mutoto yangu akakuleta kwangu, ukaingia, ukanigombeza kwa sababu dawa yangu ya presha sikumeza. Toka ile siku siwezi tena kuomba vile. Na siwezi kuacha. Nilifikiri weye utakuwa na jibu, unisaidie."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kumhurumia. Kumbe kwa miaka yote hiyo, ng'ambo ya mto, kulikuwa na mtu aliyekuwa akilala na swali langu kitanda kimoja.

Ni Hadidja aliyetuokoa. Aliinuka na gauni lake pana la sikukuu, akamtazama mzee, akanitazama mimi.

"Basi, iko maulizo mbili, jibu hakuna," akasema. "Sasa tufanye nini? Tuwaache hawa vijana wazeeke, tukiwangojea wafu waseme? Miye niliwafunika wote na vitenge vyangu, wa kwenu na wa huku. Sikuuliza nani alikunywa. Papa Kalonji, mimina. Wali inapoa."

Mzee akavaa kofia. Alimimina glasi bila kumwaga hata tone, akaniletea mwenyewe. Hiyo ndiyo desturi: binti anaishika, na wazee wake wanamwuliza mara tatu kama wainywe. Akikubali, anaionja, anampa baba, baba anakunywa, na ndoa imesimama. Akikataa, watu wanachukua viti vyao.

Valère, kwa niaba ya baba yangu, akasafisha koo. "Kyakimwa, binti yetu. Hii kinywaji ya watu wa Mikelenge, tukunywe?"

Nikatazama glasi. Nikamtazama Gauthier, jasho limemlowesha shati lake jipya. Halafu nikatazama nje ya uzio, pale pikipiki zilipopangwa kwa safu, na mteremko wa kwenda mtoni.

Niliiweka glasi mezani. Nikasikia mama yake Gauthier akisema, "Yesu wangu." Nikaingia jikoni, nikatoka na sufuria kubwa ya kukaangia mikate, nikaiweka katikati ya uwanja.

"Kyakimwa," Valère akaita mara ya pili, sauti imemwishia, "tukunywe?"

"Mukunywe," nikasema. "Funguo kwanza."

Walinitazama. Nami nikasimama pale na mkono kiunoni, kwa maana swali lile la zamani sina jibu lake, lakini hili lilikuwa langu na jibu nilikuwa nalo. Cédric ndiye wa kwanza kuelewa. Akautupa ufunguo wake, ukalia ndani ya sufuria, watu wakaanza kucheka, na vicheko vikaleta funguo nyingine: za wajomba, za waimbaji, na ule wa Gauthier, aliyeniletea kama mtu anayetoa sadaka. Valère alijifanya hana. Nikanyoosha kiganja nikangoja, mpaka akautoa kwenye soksi, na wanawake wakapiga vigelegele kumzomea.

Mzee Kalonji alikuja wa mwisho. Akatumbukiza ufunguo wa pikipiki yake kuukuu. Hakuondoka. Akanyoosha tena mkono juu ya sufuria, mkono mtupu, akaufungua.

"Na hii ya Paul," akasema.

Nikanyoosha wangu karibu na wake. "Na hii ya Ephraïm."

Hadidja akaleta mfuniko, akafunika, akakusanya gauni lake na kuikalia sufuria, akisema asiyemwogopa Mungu aje amwinue. Fanta yake ililetwa pale pale.

"Kyakimwa," Valère akauliza mara ya tatu, "tukunywe?"

Nikachukua glasi, nikaionja kidogo kama desturi inavyotaka, nikampa. Ilikuwa chungu. Ngoma ilipoanza, mzee Kalonji alicheza mpaka kofia ikaanguka, na hakuna aliyevuka mto siku hiyo.