Kitufe cha Toa

Neno lenyewe lilikuwa fupi: Toa. Herufi tatu nyeupe ndani ya kisanduku cha buluu, chini ya jina la mchezo wa kompyuta, kwenye kipakatalishi cha marehemu mwanangu Seth, Jumamosi saa nane mchana. Nililitazama nikatabasamu. Mimi Benta, mwalimu wa Kiswahili kwa miaka ishirini na saba katika shule za msingi za Eastlands, nibabaishwe na kitenzi cha silabi mbili? Nikabonyeza. Mashine ikaniuliza jambo kwa maandishi madogo, na chini yake Ndiyo na Hapana. Nikabonyeza Ndiyo kwa moyo mkunjufu, kama mtu anayetoa sadaka.

Mchezo ukatoweka.

Nikangoja utokee kwenye akaunti ya binti yangu Elsie, maana hilo ndilo nililokuwa nikitaka: kumtolea Elsie zawadi ya mchezo wa kaka yake. Nikangoja. Chai ikapoa. Ndipo nikakumbuka kuvaa miwani.

Tangu tumzike Seth mwezi wa pili, Elsie hakuwa amesema neno. Sisemi maneno machache, nasema neno. Msichana wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akibishana nami tangu alfajiri, sasa alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mgeni asiyejua lugha. Mchungaji alimwombea akachoka. Shangazi yake Awuor alimchukua akakae naye kwake, mtaa wa Tena, na baada ya wiki mbili akamrudisha akaninong'oneza mlangoni, "Benta, huyu naye atatufia." Nilimkasirikia Awuor kwa kulisema. Lakini nguo za Elsie zilikuwa zimeshaanza kumpwaya, na macho ninayo.

Kitu kimoja tu kilimwinua kitandani. Kila siku saa kumi alikaa mbele ya kompyuta yake kuukuu, akaingia kwenye mji wa Seth. Seth alikuwa na ugonjwa wa selimundu, na maumivu yalipomlaza alijenga. Ulikuwa mchezo wa kujenga miji, na kwa miaka minne yeye na dada yake waliijenga Kaloleni yetu yote, mtaa mzima, humo ndani: nyumba za baraza, ukumbi, kamba za kuanikia nguo. Mchezo aliununua Seth, mji ulihifadhiwa katika akaunti yake, naye alimwingiza Elsie kama mwanafamilia ili dada acheze bila kununua wake. Funguo zote zilibaki kwa Seth. Elsie akitoka humo, alikula. Vijiko vitano, pengine sita, lakini alikula.

Aliyenitia hofu ni Opicho, fundi wa kompyuta, wala hakukusudia. Nilikuwa nimempelekea waya wa chaja uliokatika, tukazungumza, akasema, "Mwalimu, akaunti hairithiwi. Si kama shamba. Kampuni wakijua mwenyewe alifariki, wanaweza kuifunga wakati wowote." Nilirudi nyumbani. Nikajiambia: kabla hawajafunga, nitautoa mchezo kwa Seth nimpe Elsie, uwe wake, asiupoteze kamwe. Haikunijia kwamba nimwombe Opicho anisaidie. Nimwombe kwa nini? Mashine zote za nyumba hii zilikuwa zikisema Kiswahili, tena kwa amri yangu mwenyewe.

Sasa, miwani ikiwa machoni, nilichagua mchezo mwingine wa Seth, kimchezo kidogo cha karata, nikabonyeza Toa ili nijaribu. Yale maandishi madogo yakaja tena. Safari hii niliyasoma. *Toa kwenye akaunti pamoja na kila kilichohifadhiwa? Ukishatoa, huwezi kurudisha.*

Mungu wangu! Toa! Hakuna darasa la sita lililopita mikononi mwangu bila kufundishwa neno hilo. Toa sadaka. Toa jino. Kumi, toa tatu. "Maana hujulikana kwa muktadha," niliwaimbia watoto wa watu, chaki mkononi. "Na usome swali mara mbili kabla ya kujibu, wewe uliye nyuma huko." Mjinga mkubwa mimi.

Elsie alikuwa kwa Jacklyne, msusi, ambako Awuor alimpeleka kwa nguvu asubuhi. Niliifunga mashine kwa leso nikakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, na kandambili, nikikimbia barabarani! Watu wakanipisha, labda walidhani nimebeba mtoto mgonjwa.

Opicho alibonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Kisha akaondoa mikono kwenye mashine.

"Mwalimu, hapa ungefuta kwenye mashine tu, ningeirudisha sasa hivi. Lakini umeitoa kwa akaunti yenyewe. Na ule mji ulikuwa umehifadhiwa hukohuko."

"Nunua mwingine. Nunua sasa hivi."

"Mchezo unaweza kununua tena. Utakuta uwanja mtupu."

"Waandikie basi! Waambie ni mama wa marehemu, waambie sikujua!"

"Ukiwaambia ni marehemu, Mwalimu…" Akaikunja leso yangu vizuri, pembe kwa pembe, akanipa. Kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Mwambie kampuni wameifunga. Akija kuniuliza, mimi nitasema hivyohivyo. Hutakuwa umemuumiza wewe."

Niliupokea uongo huo kama dawa. Njia yote niliufanyia mazoezi. *Kampuni imefunga akaunti.* Sentensi nzuri, nyepesi, isiyo na mimi ndani yake. Nilipofika nyumbani niliinua sufuria, nikaiweka chini, nikaiinua tena. Sijawahi kuiogopa saa kumi kama nilivyoiogopa siku ile.

Elsie aliingia na misuko mipya iliyomwonyesha mifupa yote ya uso. Akavua viatu, akaketi kitandani mbele ya kompyuta yake, akawasha. Nilisimama kando yake. Akatafuta. Akatafuta mahali palepale mara ya pili, ya tatu, kama mtu anayepapasa mfuko alioujua kuwa na kitu. Akafungua, akafunga. Kisha akageuka akanitazama, na katika macho yale nikaona tayari ameanza kuondoka.

"Kampuni," nilisema.

Akangoja.

"Si kampuni. Ni mimi. Niliona limeandikwa Toa, nikadhani ni kukupa. Nilitaka kukupa, Elsie. Nimeufuta. Wote. Opicho anasema haurudi. Nipige ukitaka. Naomba unipige."

Sauti iliyomtoka haikuwa neno. Ilianzia tumboni, ikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti, na mimi nikabaki nimesimama nikikunja aproni, sina pa kushika. Nilidhani ndiyo basi, nimemmaliza. Baada ya muda mrefu, akiwa amejikunja vilevile, alisema kwa sauti ya kukwaruza ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwezi wa pili:

"Lakini uliiona?"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Hata siku moja, Mum. Uliwahi kuiona hiyo Kaloleni yetu?"

Seth aliniita mara nyingi kutoka chumbani. "Mathe, kam ucheki!" Nami, mikono yangu ikiwa kwenye madaftari ya watu, nilimjibu, "Sema vizuri." Akasema vizuri, mtoto wangu: "Mama, njoo utazame." Nikamwambia hongera, nikaendelea kusahihisha.

"Hapana," nilimwambia Elsie. "Sikuwahi kwenda."

Alinitazama kwa chuki. Nililiona hilo, na sitalipamba. Mabega yalikuwa yakimruka. Kisha akajifuta pua kwa kiganja, akasogea kidogo kitandani, si kwa ukarimu, kidogo tu. Nikaketi kwenye ukingo.

"Ukiingia," akasema, akikazia macho ukuta, "kuna kanjia hapo nyuma ya hiyo manyumba. Kamejaa mawe mdogomdogo."

Niliyasikia makosa yote.

"Halafu?" nikamuuliza.