Mashine ya Ngosa Kwenye Mvua

Miaka ile ya Zaire, umeme wa mtaa wa Ruashi ulikuja na kuondoka ulivyotaka. Ngosa na mumewe Mwape walikuwa na baa ndogo, na jenereta ndiyo iliyowaletea wateja. Mwape aliijengea kibanda uani: aliiweka juu ya matofali ili maji yapite chini, akaezeka mabati ya mteremko, akaacha pande wazi.

"Mashini inapumua sawa na muntu," alikuwa akisema. "Ukiifungia, itakufa. Ukiingiza ndani ya nyumba, moshi itatuua siye."

Kalaba, kiongozi wa Chama tawala mtaani, alikuwa na baa yake ng'ambo ya barabara, tena haikuwa na jenereta. Asubuhi moja ya Desemba alikuja na wanaume wenye nyundo.

"Citoyen Mwape," akasema, maana siku zile Chama kiliamuru watu waitane raia kwa Kifaransa, "hii kibanda inaharibu sura ya mutaa. Ivunjwe."

"Mvua iko karibu, Citoyen. Unipe hata siku mbili."

"Amri haingojee mvua."

Wakavunja, na mabati wakaondoka nayo. Alasiri ya siku ileile mvua ikashuka ghafla, baa imejaa, mashine inanguruma. Mwape akakimbia nje kuizima. Maji yalikwisha kuingia kwenye nyaya. Alipoigusa tu, umeme ulimkamata mkono wa kuume, ukamtupa ukutani. Alipona, lakini vidole vilikauka vikajikunja, visifunguke tena. Tangu hapo Ngosa ndiye aliyemfunga vifungo vya shati na kumkatia matonge ya bukari, ugali wao, mtu mzima aliyewahi kunyanyua injini peke yake. Kalaba hakuja hata kumpa pole. Baadaye mabati yale yalionekana yameezekwa juu ya choo cha baa yake.

Fundi aliikausha mashine, ikafanya kazi tena. Ngosa hakugombana na mtu. Kila asubuhi alimsalimia Kalaba, na kila asubuhi alimwombea mabaya.

Novemba iliyofuata ikaja sikukuu ya utawala. Komisari, mkuu wa zone ile, angehutubia uwanjani, na umeme ukakatika siku hiyohiyo. Kalaba akaja mbio, jasho likilowesha kola ya suti yake mpya ya abakosi.

"Citoyenne Ngosa, Chama inaomba mashini yako."

"Sawa. Nitakuya nayo miye mwenyewe."

Mwape alitazama mawingu, akamtazama mkewe. "Ubebe na mabati kidogo, Mama."

"Hapana," akasema Ngosa.

Uwanjani Kalaba akaamuru mashine iwekwe kwenye majani nyuma ya jukwaa. Ngosa akaiwasha, akaketi pembeni juu ya dumu la mafuta. Wanawake wa Chama wakaimba na kucheza, kisha komisari akashika maikrofoni. Hakufika mbali. Matone makubwa yakaanza kupiga, na vipaza sauti vikakwaruza.

Kalaba akashuka jukwaani, akamtupia Ngosa turubai. "Funika mashini! Mbio!"

Ngosa aliliacha lianguke matopeni. "Ufunike weye."

"Maboko yangu iko na mayi!" akasema, akionyesha viganja vilivyolowa.

"Ya bwana yangu nayo ilikuwa na mayi."

"Basi uizime!"

"Uizime weye, Citoyen."

Watu wa mbele wakageuka. Komisari akashusha maikrofoni, akasubiri. Kalaba akaliokota turubai, akasogea hatua moja, nyingine, mkono ameunyoosha. Ngosa hakuangalia uso wake. Aliuangalia ule mkono tu, akautamani ufike kwenye chuma. Hakuna kitu alichowahi kukitamani hivyo.

Haukufika. Kalaba alipiga magoti matopeni na abakosi yake.

"Mama, unihurumie. Niko na batoto."

"Useme kwanza, nani alivunja kibanda yetu? Na mabati iko wapi?"

Akajibu kwa sauti ndogo. Ngosa akamwambia bantu hawasikii, aseme tena. Akasema tena, akipiga kelele ndani ya mvua: yeye ndiye aliyevunja, na mabati iko juu ya choo yake. Mtu mmoja akacheka, kisha uwanja mzima. Komisari hakucheka. Mashine ikakohoa, ikazimika yenyewe.

Nyumbani Ngosa alimsimulia mumewe yote, nguo zikimchuruzika maji. Mwape alisikiliza hadi mwisho.

"Na kama angeishika?"

"Nilitaka aishike."

"Bibi yake angelilia nani?"

"Miye nililia, nani alikuya?"

Mwezi ule Kalaba alivuliwa uongozi, akafunga baa, akahamia kijijini Lukafu kulima mahindi. Siku lori lilipopakia vitanda vyake, Ngosa alitoka akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, mpaka mke wa Kalaba akainamisha uso. Mwape alimwita aingie ndani. Hakuingia hadi lori lilipokata kona.