Kisanduku cha Arobaini

Jana alasiri, usingizi ulipomchukua juu ya meza ya kuchorea, Sekela Mwalukasa aliota kwamba kifutio kimevaa miwani na kinamwomba kitambulisho.

Hakushangaa. Alikipa.

Kazi ya Sekela ni kuchora filamu kabla haijapigwa: vijisanduku vilivyopangwa kwenye karatasi, kila kimoja kikionyesha kile ambacho kamera itakiona. Amewachorea wengi. Safari hii filamu ilimhusu marehemu baba yake, aliyepeperusha bendera ya kijani kwenye stesheni ya treni ya Mlimba kwa miaka thelathini na moja. Vijisanduku thelathini na tisa vilikuwa vimekwisha. Cha arobaini, cha kifo, kilikaa kitupu wiki tatu. Mwongozaji, Bwana Kihwele, alitaka mzee anyooshe mkono na kutoa usia huku machozi yakimtoka. Asipoupata mchoro huo kufikia Ijumaa, alisema, angemkabidhi kazi mchoraji mwingine.

"Hicho cha arobaini huwezi kukichora," kifutio kinasema, kikikagua kitambulisho mbele na nyuma. "Hukuwepo."

Sekela anajieleza. Siku ile ya kifo alikuwa Dar es Salaam akichora tangazo la sabuni. Alipofika Mlimba, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Kifutio kinaandika maelezo yote hayo, halafu kinayafuta, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Kinabakiza neno moja tu: hukuwepo.

Hapo mshale mmoja, aliouchora pembeni mwa kisanduku cha kumi na mbili kuonyesha kwamba kamera isogee kushoto, unakumbuka wajibu wake na kusogea kushoto. Chumba kizima kinaufuata, na Sekela anajikuta stesheni ya Mlimba, bado amekalia kiti chake cha kazini.

Baba yake amesimama kando ya reli na bendera mkononi. Kusema amesimama ni adabu tu, maana chini ya mkanda hana kitu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umenichora nusu."

Sekela anamweleza kwamba katika kazi hii, kisichomo ndani ya kisanduku hakipo. Mzee anatafakari. Anasema sheria si mbaya, hata reli ina za kwake, ila anahitajika nyumbani na hana cha kutembelea. Anaomba miguu kwa utulivu, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Sekela anaichora kwa kidole. Wa kushoto unatoka mrefu kidogo. Mzee anashukuru na kuondoka akichechemea, binti nyuma yake.

Hawaendi mbali. Kati ya kisanduku na kisanduku kuna mwanya mweupe wa karatasi, na hapo hapana ardhi. Mzee anamshika mkono namna alivyokuwa akimvusha reli alipokuwa na miaka mitano, kiganja kikavu, kidole gumba juu ya vidole vyake. Wanaruka.

Upande wa pili ni chumba cha kulala cha wazazi wake. Kifutio kimekwisha kufika, kimekaa mlangoni na fomu yake.

"Hukuwepo," kinarudia.

"Sasa yupo," mzee anasema.

Kifutio kinalitazama lile neno moja kwa muda, kisha kinalifuta. Hakina kinyongo.

Mzee anapanda kitandani. Hakuna usia, wala mkono ulionyooshwa. Anamwomba mkewe afungue dirisha, kwa kuwa treni ya mizigo inakuja. Inapopita anaanza kuhesabu mabehewa kwa sauti ndogo, kama alivyoyahesabu maisha yake yote. Anafika kumi na tisa. Ishirini haisemi, na treni bado inapita.

Mama yake anamtazama mumewe, anatazama dirisha, na midomo yake inaanza kucheza. Sekela anainama asikie. Karatasi inaishia hapo.

Aliamka shavu limenata kwenye meza, jua la saa kumi likimpiga usoni. Hapohapo akampigia mama yake simu. Mama hakuwahi kuisimulia siku ile. Kila alipoulizwa alijibu tu kwamba mzee aliondoka kwa amani, kisha akabadilisha mazungumzo. Sekela alimsalimia, akamuuliza hali ya magoti, kisha akasema:

"Mama, ile treni ilikuwa na mabehewa mangapi?"



"Ishirini na sita," mama yake alisema. "Aliniachia kwenye kumi na tisa, nikamalizia mwenyewe. Nani kakwambia, Sekela? Chumbani tulikuwa wawili tu."

 Sekela alivuta penseli na kile kisanduku kitupu, akamwomba amhesabie kuanzia ishirini, polepole.