Chombo Kinachoipita Nuru

Khatibu alisema hakuna chombo kinachoweza kuipita nuru, na Masunga alihitaji kiwepo.

Walikuwa kwenye banda la video la Khatibu, Somanda, mchana. Kwenye tamthilia waliyokuwa wakiitazama, nahodha wa chombo cha angani aliipita nuru, akasimama mbali sana, akageuka kutazama kwao. Akamwona mama yake, aliyekufa zamani, anaanua nguo. Nuru ya siku ile ilikuwa bado iko njiani.

Masunga hakupepesa macho. Mkewe, Mektilda, alikufa Machi, pamba yao ya Nkoma ikitoa maua. Basi bado yupo huko juu, aliwaza, anafukia mbegu kwa unyayo.

"Mtani, ile ni tamthilia," Khatibu alisema. "Washa taa ya pikipiki, kimbiza mpaka injini ilie. Umewahi kuupita mwanga wako?"

"Hawakimbizi. Wanakunja anga. Kunja kitenge, ua la huku linagusa la kule."

"Nani akukunjie? Nyie Wasukuma mnajua kukunja mikia ya ng'ombe tu."

"Na nyie Wazaramo mmekunja nini zaidi ya mikeka ya kulalia?"

Walicheka. Kesho yake Masunga alirudi, na siku zilizofuata. Juni pamba ilipasuka. Alichuma mistari minne ya kando ya njia, aliyoipanda mwenyewe. Ile aliyoipanda mkewe, mkono ulikataa kuichuma. Akarudi bandani. Bati lilipolia kwa joto alisikia mitambo ya chombo, na vumbi kwenye mwali wa jua likawa nyota zinazompisha. Mbele kidogo, kama angewahi, Mektilda angeinua uso.

Nkoma, mtu akishavuna, ng'ombe wa jirani huingia kula mabua bila kuomba. Siku moja jirani yake Ndaki akasimama mlangoni mwa banda, kofia mkononi.

"Masunga, nilipita njiani, nikaona pamba imechumwa, watu hamna. Nikajua umemaliza. Nikafungulia ng'ombe."

"Wamefika wapi?"

"Wamemaliza. Nitakupa ndama."

"Ndama wa nini?"

Khatibu alizima televisheni. Hakutania.

Masunga hakudai kitu, kwa sababu Ndaki alifuata desturi. Alikwenda shambani, akahesabu. Mistari minne ya njiani ilikuwa imebaki vijiti tu. Ya Mektilda ilikuwa thelathini na mmoja. Yote imeliwa.